Kubandua Rangi Kuukuu kwenye Mlango wa Kuchonga: Mwongozo Kamili Kabla ya Kuupaka Mafuta

Juu ya mlango wa nyumba ya shangazi yangu, Malindi ya Unguja, kulichongwa mwaka kwa tarakimu za Kiarabu: 1306. Kwa Miladi unaangukia 1888 au 1889. Sifuri ya Kiarabu si duara, ni nukta, na nukta ile ilikuwa ndogo kama punje ya mtama, imechomoza juu ya ubao kwa unene wa ukucha tu. Fundi aliyeitwa kuondoa vanishi alikuja na grenda yenye msasa wa duara. Kazi ya siku tano akaimaliza kwa saa tatu. Shangazi aliporudi jioni kutoka msibani alikuta mlango unang'aa, mayungiyungi yamekuwa maduara matupu, na mwaka unasomeka 136, katikati pana pengo laini ukilipitishia kidole.

Naandika mwongozo huu kwa sababu ya pengo lile. Mimi ni seremala, kazi nimefunzwa na ami yangu, na katika milango niliyoitwa kuitazama Unguja na Pemba, iliyosagwa siku ya kusafishwa ni mingi kuliko iliyoliwa na mchwa. Mlango wa msaji huvumilia jua na chumvi miaka mia na zaidi. Dakika mbili za grenda hauzivumilii. Kila hatua hapa chini ina nia moja: kilichopakwa kitoke, ubao ubaki.

Kwanza uliza kama kuna haja

Mlango uliopakwa mafuta tu, ukafifia, haubanduliwi. Unaoshwa, unaachwa ukauke, unapakwa mafuta tena. Kubandua ni kwa mlango wenye ngozi juu yake: vanishi, rangi ya mafuta, au tabaka za vyote viwili, na ngozi hiyo imeanza kupasuka. Vanishi ikishapata ufa, maji ya mvua huingia na hayapati njia ya kutoka. Ubao unalowa kwa ndani, unageuka mweusi, na kila jua likipiga ngozi inainuka zaidi. Kupaka vanishi mpya juu ya hiyo ni kupoteza fedha, kwa sababu mpya inashika ya zamani, na ya zamani haishiki kitu.

Sababu ya pili ni nakshi iliyozibwa. Kuna milango ambayo kila Idi imeongezwa rangi hadi mnyororo uliochongwa pembeni umekuwa kama kamba iliyovimba. Hapo una haja ya kubandua hata kama rangi haijapasuka.

Kabla ya yote, fungua dirisha dogo la uchunguzi. Chagua mahali pasipoonekana sana, chini ya mwimo (nguzo ya pembeni ya fremu) upande wa ndani, palowanishe, kisha kwangua ngazi kwa ngazi: sentimita mbili tabaka la juu, sentimita mbili nyingine ushuke tabaka moja zaidi, mpaka ufike kwenye ubao. Utaiona historia yote ya mlango ndani ya kiganja. Tabaka la chini kabisa likiwa jekundu au jeusi lililoingia ndani ya ubao, au ukiona chembe za dhahabu ndani ya maandishi, simama. Baadhi ya milango ya mwambao wetu ilikusudiwa kuwa na rangi tangu ilipochongwa. Ile ya mtindo wa Siyu, kisiwani Pate, inajulikana kwa nyekundu, nyeusi na nyeupe yake. Rangi ya namna hiyo ni sehemu ya mlango, haibanduliwi.

Na kama nyumba iko ndani ya mipaka ya Mji Mkongwe, ambao umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, nenda kwanza kwenye Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ukaeleze unachotaka kufanya. Piga picha za kila kipande kwa karibu, asubuhi au jioni, wakati mwanga unakuja kwa ubavu na kuonesha kina cha mchongo. Picha hizo utazihitaji siku ya tatu, utakapokuwa huna hakika kama unachokiona ni rangi au ni nakshi.

Msimu

Kazi hii ni ya kipupwe, Juni hadi Agosti, au ya Januari na Februari baada ya vuli kwisha na kabla masika hayajafunga. Masika usijaribu. Ubao uliofunguliwa Aprili hauwezi kukauka, na utapaka mafuta juu ya maji. Januari ina tatizo lake: jua la kaskazi linakausha dawa ya kubandulia kabla haijafanya kazi. Ukifanya kazi wakati huo, fuata kivuli. Uchochoro wa Mji Mkongwe una kivuli karibu siku nzima, ila mlango unaotazama bahari una saa chache tu za asubuhi.

Ujue ubao, ujue kilicho juu yake

Milango ya zamani mingi ni msaji uliokuja kwa majahazi kutoka Bara Hindi, au mvule, au mfenesi wa hapa hapa. Msaji ukiukwangua una mafuta yake wenyewe na harufu ya ngozi. Mvule ni wa dhahabu ukiwa mpya, hudhurungi ukizeeka, na mara nyengine una madoa meupe magumu kama chokaa ndani ya nyuzi. Hayo si uchafu, usiyachimbue. Vumbi la mvule linawasha pua, macho na ngozi, kwa hiyo barakoa si kwa sababu ya rangi pekee. Mfenesi ni wa manjano unaogeuka kuwa wa kahawia, na ni laini kidogo kuliko hao wawili, basi mkono wako nao uwe mwepesi zaidi.

Kujua kilichopakwa, chukua pamba tatu. Ya kwanza ichovye kwenye spiriti, ibonyeze mahali pamoja kwa dakika mbili. Ngozi ikilainika na kunata, ni shelaki, ile polishi ya zamani, na umepata bahati: mlango mzima utausafisha kwa spiriti, kitambaa na subira, bila dawa kali. Kama haikulainika, ya pili ichovye kwenye tina, kile kiyeyushi cha rangi. Ikiyeyuka ni laka. Ikikunjamana bila kuyeyuka, au isifanye kitu chochote, una vanishi ya mafuta, poliurethani au rangi ya mafuta, na hapo ndipo mwongozo uliobaki unapohusika. Pamba ya tatu itie tapentaini na uisugue: ikitoka nyeusi na inateleza, mlango umewahi kupakwa oili chafu. Hilo nitalirudia, maana lina mkasa wake.

Madini ya risasi

Rangi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi ili zikauke upesi na zidumu. Risasi hiyo bado imo. Ikigeuka vumbi au moshi inaingia mwilini, na inaharibu ubongo wa mtoto kwa kiasi kidogo mno; mama mjamzito naye humpitishia aliye tumboni. Usisubiri kipimo. Rangi yoyote ambayo hakuna mtu nyumbani anayekumbuka siku ilipopakwa, ihesabu kuwa ina risasi.

Kwa hiyo usikwangue ikiwa kavu, usipige msasa mkavu, usichome rangi kwa moto wa gesi. Tandika nailoni nzito barazani na hatua mbili mbele, irudishe juu kidogo kingoni ili maji yasitiririke. Funga mlango wa ndani kwa nailoni nyengine. Watoto wahamishiwe upande mwengine wa nyumba, na majirani uwaambie mapema, maana kwetu baraza ni ya kila mtu na atakuja mzee kukaa kama kawaida yake. Mabaki yote yakusanye yakiwa mabichi, yafungie kwenye mfuko, usiyamwage mtaroni wala ufukweni. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Na usile kitu hadi uoshe mikono na uso kwa sabuni. Ami alikuwa haruhusu hata kahawa karibu na kazi.

Vifaa

Vikwangulio viwili vya chuma, kimoja kipana kimoja chembamba, na pembe zake uzisugue kwa tupa mpaka ziwe za mviringo. Pembe kali ndiyo inayochora mistari kwenye mbao za watu. Glovu nene za mpira zinazofika kwenye kiwiko, miwani ya kufunika macho, barakoa yenye chujio la mvuke na si ile ya kitambaa. Brashi za kupakia dawa, mbovu mbovu, kwa sababu zitaharibika. Miswaki ya zamani. Ndoo tatu za maji.

Kisha vile usivyovikuta dukani. Chonga vijiti vya mianzi kwa umbo tatu: bapa kama patasi, chenye ncha, na chenye mdomo kama kijiko. Mwanzi ni mgumu kuliko rangi iliyolainika na laini kuliko msaji, ndiyo maana unafaa. Vikiwa butu vinachongwa tena. Na tafuta makumbi ya nazi, yaloweke usiku mmoja, yagonge hadi nyuzi zifunguke. Kumbi lililogongwa vizuri ni brashi ambayo sijaiona mfano wake kwa nakshi: linaingia kwenye mashimo, linavuta rangi, halikwaruzi. Brashi ya waya na stiliwaya ziache kabisa. Chembe zake za chuma hubaki ndani ya nyuzi za ubao, zikikutana na unyevu na tanini, kemikali ya asili ya mti, zinageuka madoa meusi, na mlango wako utakuwa na vipele baada ya mvua ya kwanza.

Kuosha chumvi

Kabla ya dawa yoyote, osha mlango kwa maji baridi, sabuni laini na sponji, suuza kwa maji safi mara mbili, uache siku mbili. Chumvi ya bahari huvuta unyevu, na ikibaki chini ya mafuta mapya itaendelea kuuvuta.

Usiing'oe milango. Mingi ya zamani haina bawaba, inazunguka kwa vichwa vya mti vilivyoingia kwenye matundu ya kizingiti cha juu na cha chini, na kuitoa maana yake ni kufungua fremu iliyokaa ukutani karne nzima. Fanya kazi ikiwa imesimama.

Njumu za shaba, yale mapambo yaliyopigiliwa mlangoni, nazo ziache mahali pake. Zisafishe sasa, kabla ya ubao, kwa ukwaju uliolowekwa, kitambaa na mswaki, kisha suuza. Zile dawa nyeupe za kung'arishia shaba huacha unga ndani ya nakshi unaotoka kwa shida. Njumu ikishakauka ipake nta ya mshumaa, dawa isiikamate.

Sehemu tambarare

Anza na mbao tambarare za mlango wenyewe, ili mkono uzoee kabla ya kufika kwenye nakshi. Hapa una njia mbili. Ya hewa moto ni ya haraka: mashine inashikwa sentimita kumi hadi kumi na tano kutoka kwenye ubao, inatembea, na mara rangi inapotutumka unaifuata na kikwangulio. Lakini ukiihesabu rangi kuwa na risasi, joto liwe la chini kabisa linalotosha kuilainisha, na moshi ukionekana umeshazidisha. Kuna hatari nyengine isiyoonekana. Nyuma ya fremu za nyumba zetu kuna matundu yaliyojaa vumbi, majani ya viota vya ndege na nyuzi kavu. Cheche ikiingia humo inafuka kimya kimya, na moto unatokea baada ya wewe kuondoka. Weka ndoo ya maji karibu, maliza kazi ya joto adhuhuri, na usiondoke hadi alasiri. Mimi siku hizi situmii joto kabisa kwenye nyumba yenye dari ya boriti.

Njia ya pili ni dawa, na ndiyo ninayoipendekeza kwa mlango mzima.

Nakshi, miimo na mfaa

Tafuta rimuva, ndiyo dawa ya kubandulia rangi, nzito kama uji wa mgonjwa, isiyochuruzika. Soma kibandiko: ukiona methilini kloridi, au jina lake jengine dikloromethani, irudishe rafuni. Marekani ilipiga marufuku mwaka 2019 kuwauzia watu wa kawaida rimuva yenye kemikali hiyo, baada ya watu kufa wakiitumia vyumbani bila hewa ya kutosha. Zipo zinazofanya kazi polepole kwa pombe ya benzili au viyeyushi vyengine. Polepole ndiyo nzuri kwetu.

Gawa kazi vipande vya ukubwa wa sinia. Paka dawa unene wa milimita tatu, kwa mpigo mmoja, usirudishe brashi nyuma na mbele, maana unavunja ngozi ya juu inayozuia dawa isikauke. Funika kwa nailoni nyembamba, ibonyeze iingie kwenye mabonde ya nakshi. Sasa subiri. Nusu saa, fungua pembe moja, jaribu kwa kijiti. Kama rangi imekunjamana kama utando wa maziwa yaliyopoa na inateleza juu ya ubao, iko tayari. Kama inakatika vipande, funika tena. Kwenye rangi ya tabaka tano nimewahi kusubiri saa tatu, na kila nilipoharakisha nilirudia kazi mara mbili.

Rangi ikilegea, toa kwanza wingi wake kwa kijiti bapa, ukifuata mwelekeo wa mchongo na si kuukata. Kisha kijiko kwa mashimo. Kisha kumbi, ukizungusha mkono kwa duara ndogo. Ncha kali tumia mwisho na kwa uchache: ni ya kuokota chembe kwenye pembe ya jani la mtende au kati ya magamba ya samaki. Futa kwa kitambaa, tazama, paka mara ya pili pale tu palipobaki.

Utafika mahali ambapo ubao wote umeonekana ila ndani ya mishipa yake kuna vijimstari vya rangi. Hapo ndipo mafundi wengi hukamata msasa. Nilipokuwa mwanafunzi nilimwambia ami, "Ami, bado imo ndani ya mishipa." Akanijibu, "Iache, mwanangu. Ukiitoa hiyo utatoka na mti." Aliichukua tochi akaniwekea kwa ubavu nione: mishipa ilikuwa imeshuka chini ya uso wa ubao, na kuifikia ilibidi nishushe uso wote. Mafuta yakipakwa, vijimstari vile havionekani ukisimama hatua mbili.

Kostiki soda

Watu watakutajia hii, kwa kuwa ni rahisi na kila mtengeneza sabuni anayo. Inatoa rangi, sikatai. Lakini miti yenye tanini, kama msaji na mvule, hugeuka nyeusi ikikutana nayo, nyuzi zinasimama kama manyoya, na gundi ya viungo inalegea. Mlango wa kwanza nilioachiwa peke yangu, mtaa wa Kiponda, niliupaka kostiki nikaenda kuswali na kula. Nilirudi ukiwa mweusi kama buni iliyokaangwa. Siku nne za kuusuuza na kuurudisha hazikuutoa weusi wote, na mwenye nyumba alikuwa mtu mpole, jambo lililonifanya nisilale vizuri. Sijaigusa tena kwa mlango wa zamani.

Oili chafu

Wengi hupaka oili iliyotoka kwenye injini ili kufukuza mchwa. Inaingia ndani, haikauki milele, na inazuia mafuta mengine yoyote yasikauke. Kuisugua juu juu hakusaidii. Changanya unga wa chaki na tapentaini mpaka uwe kama dawa ya meno, bandika unene wa kidole, funika kwa nailoni usiku mmoja. Asubuhi ifungue, iache chaki ikauke wazi. Tapentaini inapotoka inavuta oili kuja kwenye chaki, na utaiona imegeuka kahawia. Pangusa, bandika mpya. Mara tatu au nne ni kawaida. Usitumie chokaa badala ya chaki, kwa kuwa chokaa nayo huchoma ubao kama kostiki.

Kuhusu video za nyumba za magogo

Vijana wananionesha video za Marekani: nyumba nzima ya magogo inapigwa kwa mashine ya maji ya kasi, au inarushiwa punje za magunzi ya mahindi yaliyosagwa au kioo kilichosagwa, na rangi yote inaruka kwa siku moja. Ni kazi ya kweli na ina mahali pake. Magogo yale ni misonobari na mierezi, uso wake ni wa mviringo na mpana, hauna nakshi, na ukipoteza nusu milimita hakuna atakayejua. Hata kule, maji ya kasi yakizidi yanachimba ubao laini na kuusukumia unyevu ndani. Kwetu nusu milimita ndiyo mstari unaotenganisha samaki na jiwe.

Ila wana jambo moja zuri la kujifunza. Dawa nyepesi ya maji huipaka kuanzia chini kwenda juu, na kuisuuza kuanzia juu kwenda chini. Ukianza juu, dawa inachuruzika kwenye ubao mkavu na kuacha michirizi isiyotoka. Mimi naosha hata kwa sabuni kwa mpango huo.

Kusuuza, na kipimo cha manjano

Rimuva nyengine husuuzwa kwa maji, nyengine kwa tapentaini. Fuata kibandiko chake. Usibahatishe. Kama ulitumia dawa yoyote yenye asili ya magadi, au mlango ulishawahi kupigwa kostiki na mtu kabla yako, lazima uwe na hakika haikubaki, kwa sababu itayageuza mafuta yako kuwa sabuni. Kipimo kiko jikoni. Koroga unga wa manjano, kile kiungo cha mchuzi, kwenye spiriti, chovya kitambaa cheupe, kikauke. Kilowanishe kwa maji safi, kibonyeze kwenye ubao. Kikibaki cha manjano, salama. Kikigeuka chekundu cha matofali, magadi bado yapo: pangusa kwa siki iliyochanganywa na maji mengi, suuza, pima tena. Pima zaidi kwenye mabonde ya nakshi na chini ya mfaa, ule mti wa katikati mbao mbili za mlango zinapokutana, ambako dawa hujificha.

Madoa meusi yanayozunguka misumari na tumbuu ya chuma, ile pete ya kufungia mlango, ni ya chuma na tanini. Hayo hutolewa kwa asidi ya oksaliki: kijiko kikubwa kimoja katika nusu lita ya maji ya moto, kwa brashi ya nailoni, kwenye doa na kulizunguka, kisha suuza sana. Ni sumu, na unga wake usiuvute puani. Si lazima yatoke yote.

Kukauka na msasa

Acha wiki moja ya ukavu, mbili kama mvua imechungulia. Mwenye kipimo cha unyevu atafute asilimia 15 hadi 18, chini ya hapo pwani hupapati kwa urahisi. Asiye nacho abandike kipande cha nailoni kwa utepe jioni. Asubuhi kikiwa na ukungu kwa ndani, bado.

Msasa ni kwa sehemu tambarare tu, kwa mkono, namba 100 kisha 120, kwa kufuata nyuzi, na ukiwa na shaka na rangi tumia msasa wa maji ubao ukiwa umelowa. Usipande zaidi ya 150, kwani uso ukiwa laini mno mafuta hayapenyi. Kwenye nakshi msasa hauingii. Nyuzi zilizosimama zinalala kwa kumbi kavu.

Shangazi aliniuliza kama ninaweza kuichonga upya ile nukta. Kuchonga kitu kinachochomoza ni kushusha ubao wote unaokizunguka. Ningelazimika kushusha mstari mzima wa maandishi, na wa nakshi juu yake, na kingo za kizingiti. Nikamwambia abaki na picha yake ya harusi, mwaka unasomeka nyuma ya bega la marehemu mumewe.

Mafuta

Futa msaji kwa kitambaa chenye tina kidogo ili kuondoa mafuta yake ya juu, subiri robo saa. Mkono wa kwanza: mafuta ya kitani yaliyochemshwa na tapentaini, nusu kwa nusu. Paka, acha dakika ishirini hadi thelathini yanywewe, kisha futa yote yaliyobaki juu kwa kitambaa kikavu, na kwenye nakshi kwa brashi kavu. Kuacha mafuta yakae juu ndiko kunakoleta kunata na kuvu, na kwa unyevu wetu kuvu hupenda mafuta ya kitani. Siku mbili baadaye mkono wa pili, tapentaini robo tu. Wa tatu mwembamba kabisa. Mafuta ya nazi na ya kupikia usitumie: hayakauki, yanachacha na kukusanya vumbi. Sifa, mafuta ya ini la papa wanayopaka majahazi, yanalinda mbao vizuri, lakini harufu yake mlangoni mwa nyumba ya watu si ya kustahimilika.

Vitambaa vilivyofutia mafuta ya kitani usivikunje wala kuvitupa kwenye ndoo ya taka. Mafuta yanapokauka yanatoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kushika moto chenyewe bila kiberiti. Vianike kimoja kimoja uani hadi viwe vigumu, au vizamishe majini.

Kila mwaka, Februari, kabla ya masika, osha mlango na umwagie matone ya maji. Yakisimama kama shanga, uache. Yakinywewa ndani ya dakika moja na ubao ukaiva rangi, paka mkono mmoja mwembamba. Upande wa mlango wa shangazi unaotazama bahari hunywa kila mwaka. Upande wa ndani, ukumbini, ambako jua halifiki, sijaurudia tangu nilipoupaka mara ya kwanza.